Mfagizi wa Zamu ya Usiku

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Columbus, Ohio, kwenye kikao chetu cha wasemaji wa Kiswahili. Wengi hamkufika kwa sababu mlikuwa kazini, na ninyi ndio hasa niliotaka mnisikie. Basi nimeyaandika yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, hamjambo. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili muwe wa kwanza pilau likiiva, nawaona.

Hii niliyoiweka mezani mnaiona? Kuna mzee kaniuliza pale nje kama ni mashine ya kukata majani. Mtoto mmoja kasema ni roboti. Wote nimewasamehe. Hii ni mashine ya kufyonza vumbi, Hoover ya miaka ya 1950, na imenizidi umri. Nyumbani ninazo nyingine thelathini na moja. Mke wangu amekaa pale, na mkitaka hesabu ya kweli muulizeni yeye, maana mimi huwa napunguza.

Mama yangu yuko Tanga. Siku nilipomwambia kwa simu kwamba hela yangu ya akiba nanunulia mashine za kufyonza vumbi zilizokufa, alinyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Mwanangu, mafagio ya chelewa niliyokuwa nakununulia ulikuwa unayaficha uvunguni ili usifagie uwanja. Leo umevuka bahari kwenda kukusanya mafagio?"

Nimekuja kumjibu mama yangu. Yeye hayupo, basi nitawajibu ninyi.

Kwanza niwaulize jambo. Ni wangapi humu ndani wamewahi kusafisha ofisi za watu usiku? Au shule, au hospitali, au maduka? Inueni mikono. Msione haya. Inueni kabisa.

Haya, tazameni. Geukeni mtazame nyuma yenu. Na mkono wangu pia umo.

Sasa sikilizeni. Vitabu vingi vikieleza habari ya mashine hii vinaanzia London mwaka 1901, kwa mhandisi mmoja aliyeitwa Hubert Cecil Booth. Kazi yake ilikuwa madaraja, pamoja na yale magurudumu makubwa ya kupandisha watu juu kwenye maonyesho. Alikwenda kutazama mashine mpya ya usafi, akakuta inapuliza. Inapuliza! Vumbi linaruka, linazunguka, linarudi lilipotoka. Booth akajiuliza, kwa nini isivute? Akaenda mkahawani, akaweka leso juu ya kiti cha kitambaa, akatia mdomo, akavuta pumzi. Nusura apaliwe afe. Lakini leso ilikuwa imejaa uchafu, na jibu akawa amelipata.

Mashine aliyoiunda ilikuwa kubwa, ya kuvutwa na farasi. Inasimama barabarani, mipira mirefu inapitishwa madirishani, wenye nyumba wanakaa kutazama. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Ni habari nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini Booth hakuwa mtu wa kufagia. Alikuwa anapita tu. Mimi nataka mumjue aliyekuwa anafagia.

Na huyo hakukaa London. Alikaa saa mbili kwa gari kutoka kwenye ukumbi huu! Nendeni kaskazini mashariki, kuna mji unaitwa Canton. Mwaka 1907 pale Canton kulikuwa na duka kubwa la Zollinger, na duka lilikuwa na mfagizi. Jina lake James Murray Spangler. Alikuwa anakaribia miaka 60. Alishajaribu kubuni hiki na kile maishani, hakuna kilichompa mkate, akaishia na ufagio mkononi duka likishafungwa. Na alikuwa na pumu.

Kifaa alichopewa kilikuwa kile kisanduku cha brashi cha kusukuma juu ya zulia. Kila akisukuma, vumbi linampanda usoni. Kila akisukuma, anakohoa.

Ndugu zangu, kikohozi hicho nani hakijui? Nani humu hajafika nyumbani saa kumi za alfajiri, akapenga kamasi nyeusi kwenye sinki, akasimama akiitazama?

Spangler akafanya nini? Alichukua mota ya feni. Akachukua sanduku la sabuni. Akachukua mpini wa fagio. Akachukua foronya ya mto. Mota, sanduku, mpini, foronya. Feni inavuta, vumbi linaingia kwenye foronya, brashi inazunguka mbele, na mzee anasukuma akiwa anapumua. Tazameni hii iliyo mezani. Mota hii hapa. Sanduku limekuwa chuma. Mpini huu. Na mfuko huu wa kitambaa unaoning'inia nyuma ni nini kama si ile foronya? Miaka hamsini imepita kati ya mashine hizi mbili, na mfagizi wa Zollinger angeingia humu sasa hivi angeitambua yake.

Hataza yake, yaani hati ya kumlinda aliyebuni kitu, ilitoka tarehe 2 Juni 1908. Karatasi anayo, mtaji hana. Ndipo akamwonyesha mashine yake mama mmoja aliyekuwa akifahamiana naye, Susan Hoover. Mume wake, William Hoover, alikuwa na kiwanda cha bidhaa za ngozi, hatamu na lijamu za farasi, na motokaa zimeanza kuingia barabarani. Mtu anayeuza hatamu mwaka 1908 akiona motokaa inapita, usingizi unampaa. Hoover akanunua hataza mwaka ule ule, Spangler akabaki kazini akilipwa fungu lake kwa mashine zilizouzwa, mpaka alipofariki mwaka 1915.

Sisemi alidhulumiwa. Aliuza, akalipwa. Lakini nendeni Uingereza leo: mtu akifyonza vumbi kwa mashine ya kampuni yoyote ile, atasema ana-Hoover, kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga Omo. Hakuna hata mmoja anayesema ana-Spangler.

Na bei je? Ile ya kwanza iliuzwa dola 60. Miaka sita baadaye Henry Ford, mwenye kiwanda cha magari, alipotangaza kuwalipa watu wake dola 5 kwa siku, Marekani nzima ilishangaa ukarimu huo. Hata kwa mshahara huo wa maajabu, mashine moja ni jasho la siku 12. Mfagizi aliibuni, ila haikuwa ya bei ya mfagizi.

Nilipoyajua hayo nilikuwa naburuta mashine ya plastiki ndani ya jengo la ghorofa nane hapa mjini, zamu ya usiku, mwaka wangu wa pili Marekani. Nilikuwa naona haya. Simu za nyumbani nilikuwa nasema nipo "kwenye mambo ya majengo". Kisha Jumamosi moja nikapita kwenye mnada wa gereji, mzee anauza vitu vya marehemu dada yake, nikaiona hii imelala chini ya meza, mfuko umeliwa na panya. Dola tano. Sikuwa na kazi nayo. Niliinunua kwa sababu ya jina la Canton lililopigwa kwenye bamba lake, na kwa sababu ya kikohozi cha yule mzee.

Sasa niwaambie jinsi inavyofufuliwa, maana najua mafundi mko humu na mmeanza kuchoka na historia.

Jambo la kwanza: usiichomeke. La pili: usiichomeke. La tatu mnalijua. Kila anayeokota mashine ya zamani, mkono unamwasha akimbilie soketi aone kama inazunguka. Subiri. Mpira wa waya wa miaka sabini umekauka, ukiukunja unakatika kama kashata. Bodi ni ya chuma, waya ni miwili tu, hakuna ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Umeme ukivuja unakwenda wapi? Unakwenda kwako, uliyeshika mpini bila viatu kwenye sakafu ya gereji. Toa waya wote, tia mpya, pima kwa mita. Waya mpya wenye kitambaa kama ule wa zamani unapatikana, na sura haiharibiki. Wapo wanaong'ang'ania waya wa asili eti kwa heshima ya mashine. Hao wanakusanya ajali.

Ndipo unafungua. Grisi ya beringi utaikuta imekuwa nta. Ikwangue yote, osha, tia mpya. Kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, utazikuta zimelika zimekuwa vipande vya ukucha. Mafundi mnazijua, ni zile zile za kwenye drili na grainda. Shaba inayosuguliwa na kaboni huwa nyeusi, isafishe kwa msasa laini wa kawaida, wala usitumie ule mweusi wa kusugulia chuma, kwa kuwa unga wake hupitisha umeme na utakuunguzia mota uliyohangaika nayo wiki nzima. Mkanda wa mpira badilisha bila kuuliza.

Halafu feni. Kwenye mashine za aina hii takataka hupita kwenye feni kwanza, ndipo ziingie mfukoni. Msumari ukinyonywa, unagonga mapanga ya feni. Sarafu ikinyonywa, inagonga. Kwa hiyo ukiona mashine inatetemeka kama mtu mwenye homa, usiilaumu mota, tazama mapanga, moja limevunjika. Mimi nikipewa mashine naizungusha feni kwa kidole na kusikiliza. Mke wangu anasema najifanya daktari.

Na brashi yake, hii hapa chini, ina vyuma viwili virefu. Mnajua vya nini? Hoover walivitia mwaka 1926. Hewa ikivuta, zulia linanyanyuka kidogo, linaelea, na vile vyuma vinalipiga likiwa linaelea. Mchanga uliozama unaruka juu, unavutwa. Tangazo lao lilisema inapiga, inafagia, inasafisha. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Kina mama wa pwani, si ni nyinyi mnaotundika busati kwenye kamba na kulishukia kwa fimbo? Mama yangu alikuwa akipiga busati siku ya kuamkia Idi, mtaa mzima wanafunga madirisha. Wahandisi wa Ohio waliichukua fimbo ya mama wakaifunga kwenye mkanda wa mpira, basi.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote ni mfuko. Vaeni barakoa kwanza, tafadhali! Humo mna vumbi la watu waliokwisha kufa. Mfuko wa hii ulikuwa umetobolewa na panya kwa juu, chini ukabaki umejaa, mgumu kama mkate. Niliuvunja taratibu juu ya gazeti, usiku kucha, siku niliyokuwa na mapumziko ya kazi. Nikapata vibanio vya nywele kumi na vinne. Kifungo cha shati la mtoto. Majani makavu ya mti wa Krismasi, yangali na harufu kidogo, au labda pua yangu ilitaka iwepo. Na senti moja nyeupe. Nyeupe! Senti ya Marekani ni nyekundu, ninyi wenyewe mnaijua. Nikaisafisha, nikasoma: 1943. Mwaka huo shaba ilitakiwa vitani, serikali ikapiga senti za chuma kilichopakwa zinki. Na kiwanda cha Hoover chenyewe wakati huo kilikuwa kimeacha kuunda vifyonza vumbi kinafanya kazi za vita, basi mwenye mashine ya zamani alipaswa kuitunza aliyonayo; hii yangu ilikuwa bado haijaundwa. Senti hiyo ninayo mfukoni sasa hivi. Atakayetaka kuiona aje, ila atairudisha.

Kuna kitu kingine. Tazameni hapa kwenye swichi. Sogeeni. Kipini cha asili kilivunjika zamani sana. Mtu fulani, simjui, alichukua kibanio cha nguo cha mbao, akakichonga, akakifunga kwa uzi wa kushonea viatu. Kinafanya kazi mpaka leo. Marekani kuna chama kizima cha wakusanyaji wa mashine hizi, na kule St. James, Missouri, kuna makumbusho yake kamili. Watu wema, wananisaidia vipuri. Lakini wenzangu wakiiona hii wananigombeza: kipini cha asili kipo, kinauzwa, kwa nini uache kijiti cha mbao? Wapo wanaotaka mashine ing'ae kama imetoka dukani jana. Kazi yao naiheshimu. Yangu mimi, chuma nakisugua mpaka najiona uso, lakini kijiti hakitoki. Aliyekichonga alikuwa na kazi ya kufanya jioni ile na hakuwa na hela ya kipini.

Sasa niwape kisa cha aibu, ili msidhani naijua kazi hii tangu tumboni.

Mwaka wa nne nilisema, ngoja nimnyamazishe mama. Nilikuwa na mashine moja ya Electrolux ya rangi ya fedha, zile za kulala chini kama risasi kubwa, zenye vyuma viwili vya kutelezea, mtindo ulioanzia Sweden mwaka 1921. Niliifanyia kazi miezi mitatu. Inang'aa! Nikaifunga kwenye pipa pamoja na nguo na viatu vya Idi, ikaenda. Nikatia karatasi: "Msiichomeke bila transfoma." Nani alisoma karatasi? Mdogo wangu ni fundi wa kujitangaza. Pipa limefunguliwa, majirani wameitwa, mama amevaa kanga mpya, mdogo wangu akachomeka.

Mota za mashine hizi zina tabia nzuri. Hazichagui. Umeme wa kwenda mbele tu, zinazunguka. Umeme wa kwenda na kurudi, zinazunguka. Ndiyo maana zamani waundaji walizipenda, kwa sababu mji huu ulikuwa na umeme wa namna hii na mji ule wa namna ile. Mizunguko 50 kwa sekunde ya Tanga au 60 ya Columbus, hazijali. Lakini volti, ndugu zangu, volti zinazihesabu moja moja. Mashine ya 120 ilitiwa 230.

Nilikuwa kwenye simu ya video. Ililia kama king'ora. Ikateleza yenyewe kuelekea mlangoni, majirani wakaipisha. Ikatoa moshi wa buluu. Ikanyamaza. Na mama yangu akaisogelea kamera, akasema kwa upole kabisa: "Basi, tumeliona fagio lako."

Na kosa halikuwa la mdogo wangu. Lilikuwa langu, na halikuwa la volti tu. Nyumba ya mama ina sakafu ya saruji na mkeka. Mkeka unautoa nje, unaukung'uta, umemaliza. Nilikuwa nimempelekea dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mashine hizi zimezaliwa kwenye nyumba zilizofungwa madirisha miezi sita ya baridi, zulia limepigiliwa ukuta hadi ukuta. Huko ndiko ziliko na maana. Ile Electrolux mama aliifungua mgongo, akatia udongo, akapanda mchaichai. Nilipokwenda mwaka juzi nilikunywa chai yake.

Nimewahi kufika North Canton, kilipokuwa kiwanda. Wahoover walikianzisha pale wakati mji unaitwa New Berlin. Kilifungwa mwaka 2007, baada ya jina kuuzwa kwa kampuni ya Hong Kong. Niliegesha gari, nikatazama yale majengo marefu ya matofali. Kisha nikaenda kwenye nyumba ya shambani alikokulia Hoover, iliyofanywa makumbusho, mashine zimepangwa vyumbani mwaka kwa mwaka. Mama aliyekuwa akitutembeza aliniuliza nimeijuaje kazi hii. Mara ya kwanza tangu nije nchi hii, nilisema bila kumung'unya maneno: mimi ni mfagizi wa usiku.

Pilau linanukia, naona vijana wa mlangoni wameshasimama nusu. Dakika moja tu. Pale mbele nimetandika zulia, na nimelimwagia mchanga na mchele mkavu, samahani kwa wenye ukumbi. Waya ni mpya, nimepima mwenyewe asubuhi. Namtaka mtu mmoja aje kuiwasha, na simtaki fundi. Wewe mama uliyeinua mikono yote miwili nilipouliza swali, ndiyo, wewe, unayesafisha shule. Njoo, mama. Usiiname, mpini ni mrefu. Swichi iko hapo, ni hicho kibanio cha nguo.